Mtego wa Bluu Chini ya Boneti

Afadhali niisimulie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia midomoni mwa wengine. Kanisani kwetu Weston, hapa Toronto, kuna wanaosema nilimzaba kofi mzee wa watu (sikumzaba), na kuna wanaosema niliibiwa trekta (sikuibiwa hata nati moja, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo). Ukweli ni kwamba mimi, Wakesho, mama mzima, nesi ambaye watu humkabidhi wazazi wao, nilisimama katikati ya uwanja wa maonyesho nikiwa na michirizi ya bluu usoni, nikamwita mwizi mzee aliyenipa nusu ya gereji yake bure, na nikafanya hivyo mbele ya binti yake, mbele ya jaji, na mbele ya akina mama wa kanisa ambao nilikuwa nimewabembeleza mimi mwenyewe waje kunishangilia.

Mnaotaka kucheka kuhusu matrekta chekeni sasa mmalize. Ndiyo, mimi hufufua matrekta. Si yale makubwa ya shambani, ni yale madogo ya bustani ambayo watu wa huku zamani walikuwa wakikatia nyasi kiangazi na kusukumia theluji wakati wa baridi, yana kiti kimoja na sauti ya mbwa mwenye mafua, na siku hizi kuna watu wazima na heshima zao wanaoyatoa kutu, wanayapaka rangi upya na kuyapeleka kwenye maonyesho kushindana. Baba yangu aliendesha trekta kwenye shamba la mkonge kule kwetu Taita, nami nimekua nikisikia harufu ya dizeli kwenye shati lake, kwa hiyo siku nilipoliona moja nje ya nyumba ya shambani, kaskazini ya Toronto, limeota nyasi mpaka kwenye usukani, nilimwambia mume wangu asimamishe gari, na Baba Eliza, masikini, akasimamisha akidhani natapika.

Shida ilikuwa pa kuliweka. Sisi tunakaa kwenye ghorofa Mount Dennis, na binti yetu Eliza (huyu ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kukujibu kwa Kiingereza) aliniuliza kama trekta litalala chumbani kwake. Hapo ndipo Mzee Amirali alipoingia maishani mwangu. Nilikuwa kwenye duka la vipuri vikuukuu, nikijisemea kwa Kiswahili kwamba wenye duka hili hawana haya, mara nikasikia nyuma ya rafu sauti ikinijibu kwa Kiswahili laini cha Tanga kwamba haya walikuwa nayo ila imewaishia. Alikuwa mzee mfupi, Mwismaili, mzaliwa wa Tanga aliyehamia huku kijana, akaendesha duka la kufulia nguo mpaka alipostaafu, na mkewe alikuwa ameshafariki. Nyumba yake iko Weston, si mbali na mto, na nyuma yake kuna gereji kubwa. Aliposikia habari zangu aliniambia nilete trekta langu, nusu ya gereji ni yangu, na akanipa ufunguo siku hiyo hiyo.

Jumamosi ambazo sikuwa zamu tulikuwa pale pamoja, mimi upande wangu na yeye upande wake, chai ya tangawizi kwenye chupa katikati yetu. Trekta lake lilikuwa la kiwanda kimoja na langu, aina moja, pacha kabisa, ila lake lilikuja kwenye maboksi: mwenyewe wa awali alilifungua lote akashindwa kulirudisha, akamgawia Mzee vipande. Tulikuwa tukitania kwamba ni mapacha, mmoja kazaliwa mzima na mwingine kazaliwa kwa awamu. Zilikuwa siku nzuri, nataka hilo lieleweke kabla sijaharibu mambo.

Mambo yalianza kuniharibikia kichwani tulipojiandikisha wote wawili kwenye maonyesho ya msimu wa majani kuanguka, kundi moja, la matrekta ya bustani yaliyofufuliwa. Hata wiki haikuisha nikafika gereji nikakuta alama za vidole vya grisi kwenye boneti langu, ambalo nilikuwa nimelipiga msasa na kulipaka rangi ya maziwa kwa jasho langu. Nikafuta, nikanyamaza. Mara nyingine nikakuta nati nilizoziacha kwenye trei zimehama. Mara nyingine kifuniko cha tanki la mafuta kimefungwa kwa nguvu kuliko ninavyofunga mimi. Halafu Mzee akaanza mambo yake: akanunua taa kali ya kuangazia, kali kama ya chumba cha upasuaji, akaifunga katikati ya gereji (nikasema, anapiga picha mashine yangu). Akaniomba nimsomee kwa sauti maelezo ya kufunga kabureta, ati miwani ameisahau ndani (nikasema, nyumba iko hatua chache, mbona asiende kuichukua, huyu anataka kujua mimi ninaelewa kiasi gani). Akakasirika, yeye ambaye hakasiriki, siku nilipoazima spana yake nikairudisha mahali tofauti na nilipoitoa (nikasema, ana kitu cha kuficha kwenye lile kabati). Akaacha kuendesha gari, akawa anapanda basi, akisema gari lina hitilafu, na gari lipo pale nje linang'aa (nikasema, anataka nisijue yupo nyumbani au hayupo). Na kila nilipoingia bila kubisha nilimkuta amesimama karibu mno na trekta langu, naye hurudi nyuma haraka na kuniuliza kama nimekula.

Najua mnachowaza, na mnawaza sawa. Kazini kwangu nakaa na wazee kutwa nzima. Mzee akianza kugeuza kichwa pembeni ili amwone mtu aliye mbele yake, mimi ndiye ninayeandika na kumwita daktari. Lakini nikishatoka zamu na kuvaa ovaroli yangu nilikuwa mtu mwingine, nilikuwa mshindani, na mshindani haoni ugonjwa, anaona hila tu.

Baba Eliza nilimweleza yote jikoni, nikitegemea aghadhabike pamoja nami, naye akaendelea kukatakata sukuma wiki akaniambia neno moja tu: muulize. Nikamwambia haiwezekani kumuuliza mtu aliyekupa gereji yake kama anakuibia, ni utovu wa adabu. Akasema sawa, basi usimuulize, na usimshuku pia. Hilo la pili sikulisikia vizuri, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimeshapata wazo.

Mafundi wa mashine wana rangi fulani ya bluu, nzito kama grisi, huja kwenye kijibomba kama cha dawa ya meno. Unapaka kidogo kwenye chuma kimoja, unakibana na kingine, kisha unaona vilipogusana. Rangi hii haikauki. Huo ndio ubora wake na ndio balaa lake: haikauki, haitoki kwa sabuni, na tone la ukubwa wa punje ya mtama linaweza kutembea nyumba nzima kwa mikono ya mtu mmoja. Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho, nilitoka kazini mapema, nikaingia gereji Mzee akiwa amepumzika ndani, nikapaka ile bluu nyembamba kabisa chini ya ukingo wa boneti langu, nyuma ya kabureta, chini ya tanki, pote ambapo jicho halifiki ila mkono wa mwizi hufika. Nilipanga kesho yake asubuhi niwahi, nikague, nifute kila kitu kwa spiriti, halafu nitazame mikono ya watu. Niliondoka pale nikijiona nina akili sana.

Asubuhi nilichelewa. Si sana, lakini nilipofika Weston nikamkuta Baba Eliza, aliyetangulia na trela la kukodi, ameshayapakia matrekta yote mawili na kuyafunga kamba, na Mzee Amirali amesimama pembeni na kofia yake ya sufu, amevaa glavu za ngozi. Kulikuwa na baridi, kila mtu alikuwa na glavu, lakini mimi nilizitazama zile glavu kama askari. Kisha nikaona chini ya kofia, kwenye ncha ya sikio lake, alama ndogo ya bluu. Wenzangu, moyo uliniruka kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo inayonitia aibu kuliko yote yaliyofuata. Njia nzima Mzee alikuwa akitueleza jinsi pacha wake alivyowaka jana jioni kwa mara ya kwanza, ati mpaka machozi yalimtoka, nami nikawa naitikia mh, mh, nikijisemea kimoyomoyo kwamba kilichomwasha pacha huyo kitakuwa kimetoka kwangu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Hema za maboga, hema za maandazi ya tufaha, watoto kwenye marobota ya nyasi, na matrekta ya kila rangi yamepangwa mistari. Tulishusha yetu, tukayapanga ubavu kwa ubavu, na Baba Eliza akaenda kuegesha gari na trela mbali huko walikoelekezwa, akiwa na mfuko wangu ndani ya gari, na ndani ya mfuko huo spiriti na matambaa yote. Nikajiambia si neno, sitagusa boneti mpaka arudi.

Hapo hapo wakafika akina mama wa kanisa, wamejaa kwenye basi dogo, wakiongozwa na Mama Mchungaji aliyevaa suti ya rangi ya krimu ambayo nadhani alikuwa ameinunua kwa ajili ya harusi ya mtu. Walikuja wakipiga vigelegele katikati ya Wazungu wa mashambani waliokuwa wakinywa kahawa zao kwa utulivu. Wakalizunguka trekta langu, wakalisifu, na Mama Mchungaji akasema hawakutoka Weston mwendo wote huo kuja kutazama ngozi, niwafungulie waone tumbo. Ningesema nini? Nikavua glavu, nikaliinua boneti kwa ncha za vidole viwili, mahali nilipojua ni pasafi. Liliponiponyoka nikalidaka kwa viganja vyote viwili, chini ya ukingo.

Nilijipangusa haraka kwenye suruali, nikaona yamekwisha. Sasa hesabuni wenyewe mtu hugusa vitu vingapi akiwa na wasiwasi. Nilijifuta jasho kwenye paji la uso. Nikakumbatiwa na akina mama mmoja baada ya mwingine, na mimi, kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikawakumbatia pia. Mtu akanipa boksi la mahamri niwagawie wengine, nikawagawia. Jaji akaja, mama mrefu wa Kizungu mwenye kofia ya majani makavu, akanipa mkono tukasalimiana kwa nguvu, kisha akashika kidevu chake akilitazama trekta langu kwa makini, na alipotoa mkono kidevuni nikaona ana kindevu cha bluu. Nikatazama pembeni, na pembeni alikuwepo mama mmoja anatafuna hamri lenye alama ya dole gumba langu.

Kisha mtu akamwambia Mama Mchungaji ageuke. Mgongoni mwake, kwenye ile suti ya krimu, kulikuwa na viganja viwili vya bluu, vidole vyote kumi vimetandazwa, kama nembo. Kila mmoja akaanza kujitazama na kumtazama mwenzake, na walipomaliza kutazamana wakanitazama mimi. Baadaye nilijiona kwenye kioo cha gari, na nawaambia nilifanana na mtu aliyeangukiwa na anga.

Mama Mchungaji akaniuliza kwa upole (upole wake ni wa kutisha) hii ni rangi gani, Wakesho. Hapa ndipo ningeweza kusema ni rangi ya mafundi, samahanini, nitawafulia. Mambo yangeishia kwa dobi. Lakini nilikuwa nimebanwa, uso unaniwaka, na mtu aliyebanwa hutafuta wa kumtupia mzigo.

"Haikuwa yenu," nikasema. "Nilimtegea mwizi."

Wakauliza mwizi gani. Niligeuka. Mzee Amirali alikuwa kando ya trekta lake, na binti yake Shamim alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka North York na kikombe cha chai cha baba yake mkononi. Shamim ni mhasibu, mwanamke nadhifu asiye na maneno mengi, naye kama Eliza wangu huelewa Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Nilimwendea Mzee, na akina mama wakanifuata nyuma kama msafara.

"Mzee," nikasema, "hebu vua glavu zako."

Akatabasamu, akasema mikono itamganda, kwani kuna nini. Nikarudia. Shamim akaniuliza kwa Kiingereza nina maana gani kumsemesha baba yake hivyo, nami nikamwambia avue tu, tutaona sote nina maana gani. Jaji naye alikuwa amesogea na kidevu chake. Mzee akavua glavu moja, taratibu, kisha ya pili. Mikono yote miwili ilikuwa bluu, viganja, kucha, kila kidole mpaka kwenye pingili ya juu, bluu kuliko mimi, bluu ya mtu aliyepapasa mashine yote kwa muda mrefu.

"Nilijua," nikasema, kwa sauti ambayo hata leo naisikia. "Nilijua ni wewe unayeniibia."

Mzee hakukasirika. Aliinua mikono yake karibu na uso, akageuza kichwa pembeni, kushoto, kisha kulia, kama kuku anavyotazama punje, akanigeukia akiwa amekunja uso.

"Ina nini mikono yangu?"

Nilimtazama akiitafuta ile rangi kwa pembe ya jicho, na wakati huo ovaroli ilinivuka na nikawa nesi tena, nikaona yote kwa mkupuo, taa kali, miwani, spana, basi, kusimama karibu. Nilikuwa nimechelewa. Shamim aliweka kikombe kwenye kiti cha trekta, akashika kifundo cha mkono wa baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia akitamka Kiswahili, chenye lafudhi, kama neno alilolitunza tangu utotoni.

"Baba, huoni?"

Mzee akaeleza, si kwangu, kwa binti yake, lakini tulisikia wote. Katikati ya macho yake pameingia wingu, alisema, tangu baridi ya mwaka ule mwingine. Pembeni anaona, ila anachokitazama ndicho kinachopotea. Hakumwambia kwa sababu Shamim aliwahi kusema siku macho au miguu ikigoma nyumba ya Weston itauzwa na yeye atahamia kwake juu ghorofani, na juu ghorofani hakuna gereji.

"Na trekta la Wakesho?" Shamim akauliza.

"La kwake ni zima," Mzee akasema. "La kwangu lilikuwa kwenye maboksi. Nilikuwa nashika la kwake nijue kitu kinakaa wapi, kisha narudi kwangu nakifunga pale pale. Sikuchukua kitu, mwanangu. Nilikuwa nasoma."

Yote hayo yalikuwa kwa Kiswahili, na jaji akauliza kama kuna tatizo la kiafya au la kiusalama. Nikaona afadhali, angalau huyu hajui. Lakini Mama Mchungaji, aliyekuwa na hasira ya suti, akachukua jukumu la kumtafsiria kwa Kiingereza safi cha mimbarini, kuanzia mtego, mwizi, mpaka macho, bila kuruka hata kituo, na walioshika kahawa zao wakasogea kusikiliza. Nilipata nafasi ya kuisikia aibu yangu mara mbili, kwa lugha mbili, siku moja.

Nilimwomba msamaha pale pale, lakini yalikuwa maneno yanayoangukiana, nadhani nilisema pole mara nyingi kuliko samahani, na Shamim akainua kiganja kunizuia. Alimwambia baba yake wanaondoka. Mzee akakataa. Alisema amelipanga lile dude kwa vidole kipande kwa kipande na hatoki pale kabla hajalisikia likizunguka uwanja. Shamim akasema yeye hajui kuendesha. Baba Eliza, aliyekuwa amerudi na mfuko wangu na amesimama pale hajui ulimwengu umeharibikia wapi, akajitolea. Mzee akatikisa kichwa.

"Aendeshe huyu," akasema, akielekeza kidole cha bluu karibu na niliposimama. "Analijua. Ni pacha wake."

Sikujua kama ni msamaha au ni adhabu, na mpaka leo sijui. Nilipanda kwenye trekta la mtu niliyemwita mwizi, nikavuta choki ya kuwashia injini, nikageuza ufunguo, likawaka mara moja, imetulia, haina kikohozi, nzuri kuliko ya langu kusema kweli. Nikalizungusha uwanja mzima na uso wangu wa bluu, watoto kwenye marobota wakinipungia wakidhani ni sehemu ya burudani, na nilipopita karibu na Mzee nilimwona ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza. Nililia raundi nzima. Machozi hayaitoi ile rangi, huisambaza tu.

Langu halikupata kitu, jaji alilipita bila kuuliza. La Mzee lilipata utepe wa nafasi ya tatu, kwa sababu rangi yake ilikuwa na michuruziko mahali pengi, jambo ambalo nalo lilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote ile.

Watu hupenda kunifariji kwamba mwisho wake ulikuwa mwema. Ulikuwa nusu mwema. Shamim alimpeleka kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, na jicho moja lilikutwa bado linasaidika, sasa anachomwa sindano kila baada ya muda ili lisiendelee kufifia. La pili lilikuwa limepita wakati wake. Daktari alisema angekuja mapema kidogo hali ingekuwa nyingine, na Shamim aliponiambia hilo kwenye simu hakuongeza neno, aliacha tu likae kati yetu, akijua kazi yangu ni ipi. Aliniambia pia kwamba alikuwa amemaliza siku mbili akisafisha bluu nyumbani kwa baba yake: birikani, kwenye swichi za taa, kwenye mlango wa friji, kwenye punje za tasbihi yake. Nilimwambia nitakuja kusaidia kusafisha. Akasema asante, ameshamaliza.

Nyumba haikuuzwa, angalau kwa sasa. Mzee alikubali mtu wa kumpikia na kumpeleka huku na kule, na Shamim akakubali gereji ibaki. Nilimrudishia ufunguo wangu, akaukataa, akaniambia nikiacha kuja nani atamsomea maelezo ya kabureta. Basi naenda. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kama mgeni, yeye akaniuliza kama nimekula. Tunafanya kazi kama zamani, ila sasa anaposhika trekta langu ananiambia, na mimi nikisogeza spana yake namwambia imekwenda wapi. Shamim akinikuta hunisalimia kwa adabu na kupita. Simlaumu. Mama Mchungaji nilimnunulia suti nyingine, akaipokea, na ile ya viganja bado anayo, sijui anaiweka kwa ajili ya nini, na sijathubutu kumuuliza.

Tangu hapo nimejiwekea sharti. Sitamtegea mtu yeyote tena, si kwa rangi, si kwa maneno ya mtego, si kwa kumvizia nione atafanya nini nikigeuka. Nikimshuku mtu nitamuuliza, hata kama sauti itatetemeka, hata kama ni utovu wa adabu. Na wakati ananijibu nitamtazama usoni kwa makini, jinsi ninavyolipwa kuwatazama wazee wa watu wengine.